Zuhura juu ya Eastlands: sayari inayoshinda mulika mwizi

Kabla hakujapambazuka, Jogoo Road huwa imeshajaa. Kuna wanaotoka Umoja na Kayole kwa matatu, kuna wanaotoka Maringo na Makongeni kwa miguu, na karibu wote wanaelekea upande mmoja wa magharibi: Eneo la Viwandani, Gikomba, Marikiti, katikati ya jiji. Jioni safari inageuka na umati ule ule unarudi mashariki. Ndiyo sababu mkaazi wa Eastlands, Nairobi, anaweza kumaliza miaka mingi bila kuitazama sawasawa nuru inayong'aa kuliko zote angani baada ya jua na mwezi. Zuhura ikiwa zamu ya alfajiri hutokea mashariki, na yeye anakwenda magharibi. Ikihamia zamu ya jioni huning'inia magharibi juu ya majumba ya Upper Hill, na yeye anarudi mashariki. Kila mara inamkuta ameshaipa mgongo.

Naomba watu wageuke. Sisemi hivi kwa sababu ya uzuri wake tu, ingawa ni nzuri. Katika sayari zote, hii ndiyo yenye mengi ya kumwambia mtu anayeishi kati ya kokoto, mabati na saruji.

Shuleni watoto huijua kwa jina la Venus. Ndiyo sayari inayotukaribia kuliko nyingine yoyote: ikipita upande wetu wa jua, hufika umbali wa kilomita milioni 40 hivi. Kipenyo chake ni kilomita 12,104, na cha dunia ni kama 12,742, kwa hiyo kwa ukubwa hazipishani sana. Ni sayari ya mawe kama yetu, ina milima, mabonde na nyanda zilizotandazwa na lava. Wingu lake zito la asidi ya sulfuriki limeifunika yote bila mwanya, na wingu hilo ndilo linalorudisha angani sehemu tatu kwa nne za mwanga wa jua unaolifikia. Mng'ao tunaouona ni huo.

Ni mng'ao ambao taa zetu haziwezi kuuzima. Tangu taa za mulika mwizi ziliposimamishwa mitaani, akina mama wameweza kufunga vioski usiku zaidi na watoto wameweza kucheza mpira hadi saa mbili, na hakuna mwenye akili atakayetaka zing'olewe. Lakini zimetunyang'anya nyota. Kilimia, ambacho wazee walikitazama ili wajue msimu wa kupanda, mtu wa Dandora hakioni ila stima ikipotea mtaa mzima, na hata hapo moshi wa jaa la taka huenda ukakificha. Zuhura hubaki. Simama chini ya mlingoti wa mulika mwizi penyewe, weka kiganja kuzuia taa isikupige machoni, na utaiona.

Sasa tuanze na mawe, maana mawe tunayo. Eastlands imekaa juu ya lava. Mamilioni ya miaka iliyopita, Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka, volkeno zilimwaga miamba iliyoyeyuka ikatiririka kuja huku, ikapoa na kuwa jiwe gumu la kijivu ambalo wanajiolojia huliita fonolaiti ya Nairobi. Udongo mweusi wa Embakasi unaonasa viatu msimu wa mvua ndefu ni lava hiyo hiyo baada ya kuchakaa. Wachimba mawe wa Njiru wanaipasua kwa nyundo na patasi, na wauzaji wa kokoto wanaipakia kwenye malori hadi kwenye mijengo ya Utawala na Ruai. Ukiokota kipande kilichovunjika karibuni ukakielekeza juani, utaona chembe bapa zinazometa ndani ya kijivu. Ni madini yaliyoganda wakati lava inapoa.

Uso wa Zuhura ni lava kwa sehemu kubwa sana. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichora ramani ya volkeno zake wakahesabu takriban 85,000, kubwa kwa ndogo. Na katika nyanda za juu zinazoitwa Beta Regio kuna ufa mrefu uitwao Devana Chasma, wenye volkeno kubwa pembeni, ambao wanajiolojia wanapotafuta cha kuulinganisha nao hapa duniani huja moja kwa moja kwenye Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Hapa kwetu na kule, ardhi iliinuliwa kutoka chini, ikavimba, ikachanika katikati. Mtu aliyewahi kusimama pale juu ya Mai Mahiu akatazama chini ameona kitu ambacho wataalamu wa Zuhura hukisoma kwenye picha za rada.

Chombo cha Kisovieti Venera 13, kilichotua tarehe 1 Machi 1982, kilichimba jiwe kidogo na kulipima pale pale. Majibu yalionyesha lava yenye potasiamu nyingi. Lava ya namna hiyo si ya kawaida duniani, lakini ipo kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa letu, katika milima ya Virunga, pale Kongo, Rwanda na Uganda zinapopakana. Kwa hiyo anayetaka kujua jamaa za jiwe la Zuhura zinapatikana wapi, njia moja ni kupanda basi kwenda Goma.

Lakini ukiacha mawe, undugu unakwisha.

Nenda Kamukunji, pale Shauri Moyo, ukaangalie mafundi wanaofua masanduku, majiko na karai. Chukua kila kitu kilichopo pale na ukiweke kwa mawazo juu ya uso wa Zuhura, ambako joto ni nyuzi 465 za Selsiasi, usiku na mchana, kwenye ikweta na kwenye ncha. Lehemu ingeyeyuka mara moja. Madini ya risasi yaliyomo kwenye betri kuukuu za magari huyeyuka yakifika nyuzi 327, nayo yangekuwa uji. Zinki inayolinda bati lisipate kutu huyeyuka kwenye nyuzi 419, kwa hiyo ingetoka kwenye mabati ikitiririka, na paa lingebaki chuma kitupu. Alumini, ambayo mafundi wa Kariobangi Light Industries huyeyusha kutoka vyuma chakavu ili kutengeneza sufuria, ingestahimili, maana inahitaji nyuzi 660. Haya ni ya joto tu. Uzito wa hewa kule ni kama mara 92 ya huu tunaoubeba hapa, sawa na kuzama karibu mita 900 chini ya bahari.

Ndiyo maana waliotaka kutua kule walishindwa mara nyingi. Vyombo vya mwanzo vilipondwa hewani kabla ya kufika chini. Wahandisi wa Kisovieti wakaamua kujenga kitu kama tufe nene la titani, wakakiita Venera 7, kikashuka tarehe 15 Desemba 1970. Mwavuli wake ulipasuka njiani, kikaanguka kwa kishindo, mawimbi yake ya redio yakanyamaza. Watu walidhani kimekufa. Wiki kadhaa baadaye, walipochunguza upya kanda zilizorekodiwa, walikuta chini ya kelele sauti dhaifu mno, kama asilimia moja ya nguvu yake ya kawaida, iliyoendelea kwa dakika 23. Venera 7 ilikuwa imelala ubavu, ikituma vipimo vya joto. Hizo ndizo habari za kwanza kabisa kutumwa kutoka kwenye uso wa sayari nyingine.

Mkenya anapaswa kuijua wiki hiyo ya Desemba 1970 kwa sababu nyingine pia. Siku tatu kabla, tarehe 12 Desemba, taifa likiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ilipaa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, jukwaa la Waitaliano. Ilibeba setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya Kenya. Ilitambua vyanzo 339 vya miale hiyo, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Tuna mtaa wa Uhuru jirani na Buruburu, na watoto wake wanastahili kuelezwa kwamba kuna Uhuru nyingine iliyozunguka dunia. Katika wiki moja, pwani yetu ilikuwa lango la kwenda angani na Zuhura ikasema neno lake la kwanza.

Picha zilikuja baadaye. Oktoba 1975, Venera 9 ilitua kwenye mteremko pembezoni mwa Beta Regio na kutuma picha ya kwanza iliyosomeka kutoka kwenye uso wa sayari nyingine. Ukiiona leo unashangaa jinsi ilivyo ya kawaida: mawe bapa yenye kingo kali yametapakaa, mithili ya mahali lori limemwaga mzigo wa mawe kabla fundi hajafika. Venera 13 ilituma picha za rangi, mwanga wote ukiwa wa chungwa kwa sababu hewa nzito huchuja buluu. Ilidumu dakika 127 kabla ya joto kuishinda, na wahandisi wake walikuwa wametumaini dakika 32 tu.

Kupiga picha za mahali pamoja hakutoshi kuijua sayari, na wingu lile haliruhusu kamera kutazama kutoka juu. Marekani ikatumia rada. Chombo chake Magellan kilifika mwaka 1990, na hadi kilipomaliza kazi mwaka 1994 kilikuwa kimechora asilimia 98 ya Zuhura. Ndipo tukauona vizuri mlima Maxwell Montes, wenye kimo cha kilomita 11 hivi, na Maat Mons, volkeno ya kilomita 8 iliyopewa jina la mungu wa kike wa haki wa Misri ya kale. Karibu kila kitu kule kina jina la kike, kutoka kila pembe ya dunia.

Maat Mons ndiyo iliyotoa habari kubwa kuliko zote. Kwa miaka mingi watu walibishana kama volkeno za Zuhura zimekufa au zinapumua. Robert Herrick wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks akaamua kurudi kwenye picha kuukuu za Magellan, akazilinganisha moja baada ya nyingine kwa macho, kazi ya kuchosha ambayo wengi waliikwepa. Akakuta tundu moja la volkeno karibu na Maat Mons lililokuwa na eneo la kilomita mraba 2.2 Februari 1991, na kufikia Oktoba mwaka huo huo lilikuwa limepanuka hadi karibu 4, umbo lake limebadilika. Matokeo yalitangazwa Machi 2023. Ushahidi ulikuwa umekaa kwenye hifadhi zaidi ya miaka 30, wazi kwa yeyote. Mwaka uliofuata watafiti wa Italia, kwenye data hizo hizo, wakaona dalili za lava mpya mahali pengine pawili. Zuhura iko hai chini ya ngozi yake.

Basi kwa nini mawe yafanane kiasi hiki na maisha yasifanane kabisa? Jibu liko kwenye hewa, na Eastlands jibu hilo limo ndani ya mfuko wa saruji.

Hewa ya Zuhura ni kaboni dioksidi kwa asilimia 96.5. Mwanga kidogo wa jua hupenya mawingu na kupasha mawe moto. Mawe hutoa joto hilo kwenda juu. Kaboni dioksidi hulinyonya na kulirudisha chini. Sayari ya Zebaki iko karibu zaidi na jua, lakini Zuhura ndiyo yenye joto kuishinda. Kumbe dunia nayo ina kaboni inayokaribia kiasi hicho. Tofauti ni kwamba yetu imefungiwa. Mvua iliiosha kutoka hewani, bahari ikaipokea, viumbe wa baharini wakaijengea magamba, na magamba yakageuka mawe ya chokaa kwa mamilioni ya miaka. Mawe ya matumbawe yaliyochimbwa Bamburi, Mombasa, ili kutengeneza saruji ni sehemu ya ghala hilo. Kiwanda kinapoyachoma, kaboni iliyofungwa enzi na enzi inarudi hewani. Kila ghorofa inayoinuka Pipeline na Tassia imeachilia kidogo.

Zuhura haina bahari ya kufanya kazi hiyo. Kama iliwahi kuwa nayo, wanasayansi bado wanabishana. Chombo cha Pioneer Venus mwaka 1978 kilikuta kwamba haidrojeni nzito katika hewa yake, ikilinganishwa na nyepesi, ni nyingi kama mara 100 kuliko hapa duniani. Maana yake maji yaliwahi kuwepo kwa kiasi fulani, jua likayavunja, haidrojeni nyepesi ikatorokea angani na nzito ikabaki nyuma. Sisemi kwamba dunia itakuwa Zuhura kesho. Hewa yetu ina kaboni dioksidi asilimia 0.04 tu, na bahari zetu zipo. Lakini mtu aliyesimama mbele ya Bunge la Marekani Juni 1988 kuonya kwamba dunia imeanza kupata joto, James Hansen, alikuwa ameanza kazi yake kwa kuchunguza mawingu ya Zuhura. Alijua kutokana na sayari nzima kile ambacho gesi hiyo inaweza kufanya. Onyo ambalo wakulima wa Makueni na wauzaji mboga wa Wakulima Market wanaliishi leo lilipitia kwanza kwenye nyota ile ya jioni.

Mambo mengine ya Zuhura ni ya kustaajabisha tu, na hayahitaji sababu nyingine. Inazunguka kinyume, kwa hiyo jua lake huchomoza magharibi. Inachukua siku 243 za dunia kujizungusha mara moja, na siku 225 kulizunguka jua, yaani mwaka wake unakwisha kabla haijamaliza mzunguko wake. Nairobi, karibu na ikweta, inasukumwa na dunia kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Ikweta ya Zuhura inakwenda kilomita 6.5, mwendo wa mtu aliyechelewa kazini. Na kule juu, kilomita 54 hivi kutoka ardhini, ambako joto na uzito wa hewa vinakaribia vya hapa kwetu, Wasovieti waliachilia puto mbili mwaka 1985 kwa vyombo vya Vega, zikapeperushwa na upepo kwa karibu siku mbili. Asidi ile na hewa ya kaboni dioksidi ndizo zinazopafanya pasikalike.

Safari hizo zimetufikia hata nyumbani. Tarehe 31 Machi 1972 Wasovieti walirusha pacha wa Venera 8, roketi ikakosea, na chombo kikanaswa kwenye mzunguko wa dunia kwa jina la Kosmos 482. Kilizunguka juu ya vichwa vyetu miaka 53. Tarehe 10 Mei 2025, saa tatu na dakika 24 asubuhi kwa saa za Nairobi, kikaanguka katika Bahari ya Hindi, magharibi mwa Jakarta kwa mujibu wa shirika la anga la Urusi. Kilikuwa na uzito wa karibu kilo 500, kimejengwa kustahimili Zuhura, kwa hiyo hewa yetu isingekiunguza kirahisi. Miezi michache kabla, tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ya roketi nyingine, yenye uzito kama huo, ilikuwa imedondoka kijijini Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likaenda kuichukua. Kwa hiyo mambo ya anga yanaweza kutua shambani kwa mtu yeyote, na ni haki yetu kuyaelewa.

Kuyaelewa kunaanza kwa kutazama. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2026 Zuhura iko jioni upande wa magharibi kuanzia saa moja, hadi mwanzoni mwa Oktoba. Tarehe 24 Oktoba inapita kati yetu na jua, na kuanzia Novemba itatokea alfajiri mashariki. Mwenye darubini ndogo ya mkononi, hata ile ya mtumba wa Gikomba, aiegemeze kwenye ukuta wa paa la ploti katikati ya Septemba, jua likiwa limeshazama kabisa, maana kulielekezea jua darubini hupofusha. Ataona hilali, kama mwezi mwandamo mdogo mno. Galileo aliona umbo hilo kubadilika mwaka 1610, na likawa hoja yake nzito kwamba Zuhura inalizunguka jua.

Mpangilio wote huo wa jioni na alfajiri hujirudia kila baada ya miaka minane kasoro siku mbili hivi. Tarehe 8 Juni 2004 Zuhura ilipita mbele ya uso wa jua kama nukta nyeusi, ikaonekana Kenya mwanzo hadi mwisho, kutoka saa mbili asubuhi mpaka alasiri. Tarehe 6 Juni 2012 ikapita tena, na jua lilipochomoza Nairobi nukta ilikuwa bado ipo. Lakini si kila ikipita kati yetu na jua huonekana mbele ya uso wake; mara nyingine ya kuonekana hivyo itakuwa Desemba 2117. Hakuna anayesoma hapa atakayeiona.

Lakini yapo yatakayoonwa. Shirika la Ulaya linajenga chombo cha rada kiitwacho EnVision, Marekani ina mpango wa kushusha DAVINCI katika nyanda za Alpha Regio, na India imeidhinisha chombo chake cha kwenda Zuhura. Vinatarajiwa kuanza kuondoka mwishoni mwa muongo huu na katika miaka ya 2030. Kenya yenyewe ilipata Shirika la Anga mwaka 2017 na setilaiti ya Taifa-1 mwaka 2023, na Susan Murabana pamoja na mumewe Chu Owen wamezungusha darubini yao shuleni kwa zaidi ya miaka kumi. Hilo linatosha kwa watu wawili; halitoshi kwa jiji. Maktaba za umma za Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa na watoto wanazijaza. Kila moja inaweza kupewa darubini moja ya kudumu, mtu wa kuiongoza jioni mbili kwa wiki, na kompyuta yenye picha za Magellan, ambazo ziko bure kwenye intaneti. Herrick alifanya uvumbuzi wake kwa picha hizo hizo, na alichokagua ni sehemu ndogo tu ya Zuhura. Kwingine kwingi bado hakujalinganishwa.